Oktoba, Maili Tisa Kutoka Lami

Jalidi imewahi mwaka huu.
Imelaza mimaboga usiku mmoja,
ikayaacha maboga yenyewe wazi shambani
kama wageni walionyang'anywa blanketi.
Nimeyabeba moja moja hadi barazani,
Metro akinihesabia kutoka dirishani.
Mgongo wake haujapona tangu tuvune ngano,
lakini kuhesabu, asema, hakuhitaji kiuno.

Viazi tulichimba Jumanne.
Udongo wa huku mweusi, unaganda kuchani,
hautoki kwa sabuni wala kwa sala.
Magunia kumi na moja. Mwaka jana kumi na tisa.
Sikusema kitu. Naye hakusema kitu.
Nikayashusha chini ya nyumba, ngazi ikilalama.

Jumatano mkanda wa pampu ukakatika.
Safari, basi: mimi, mbwa, chupa ya chai,
maili tisa za kokoto, kisha lami,
kisha mji wa duka moja na makanisa mawili
na ghala la nafaka lililofungwa, refu, kijivu,
unaloliona nusu saa kabla hujalifikia.
Kwenye uwanda huu humshtukizi mtu:
vumbi lako hupiga hodi kabla yako.

Mkanda haukuwepo. "Ijumaa," akasema kijana wa dukani,
mjukuu wa Brekke, macho yale yale ya babu.
Nikanunua chumvi ya kabichi, na peremende,
nikarudi kwa njia ndefu, makusudi,
kupitia bwawa la akina Lindgren
ambako korongo wa kijivu walikuwa wametua,
elfu, labda zaidi, wakibishana
kama kamati ya harusi.
Nikazima injini. Hata mbwa akafunga mdomo.
Hawa wanajua wanakokwenda, nikawaza,
na hawabebi hata sufuria.

Jumamosi, mnada kwa Brekke.
Halvor mwenyewe yuko mjini, nyumba ya wazee.
Majirani tulisimama upepeni, mikono mifukoni,
tukiona haya kama watu wanaochungulia.
Trekta ilichukuliwa na mtu wa mbali, kwa simu.
Kitanda. Cherehani. Sanduku la viatu vya kutelezea barafuni,
vya watoto ambao sasa wana wajukuu.
Mimi nilinyoosha mkono mara moja tu,
dola mbili, kreti ya chupa za kusindikia,
na dalali akaniita "mama wa kofia nyekundu"
ingawa tulisoma darasa moja.

Nyumbani, nikiziosha,
nikakuta ndani ya mojawapo karatasi iliyokunjwa:
mwandiko wa Ingunn, mkewe, mwaka wa sita kaburini.
Siki. Vitunguu saumu. Mbegu za shibiti, vijiko vitatu.
Na chini kabisa, kwa penseli: mwambie Orysia
basi. Doa la siki limekula kilichobaki.

Nimeipindua. Nimeishika mbele ya taa.
Metro anasema labda ni habari ya kuku.
Labda. Tuliwahi kununiana, kuku wake na bustani yangu,
baridi mbili nzima, hadi ule ugomvi ukafa wenyewe
bila mmoja wetu kuuzika.

Leo upepo umegeukia kaskazini.
Magugu makavu yanabingirika uani,
yanarundikana kwenye seng'enge, yanatetema.
Nimekata kabichi, chumvi kiganja baada ya kiganja,
nikashindilia kwa ngumi mpaka maji yakapanda.
Shibiti nimetia vijiko vitatu.
Ni vingi. Siku zote nilimwambia ni vingi.

Mkanda wa Ijumaa umefika mfupi kwa inchi moja,
kwa hiyo tunateka maji kwa ndoo.
Ninateka, yaani.
Metro yuko dirishani:
saba, anasema. Nane.