Matumizi Mengineyo

Dalali atafika saa nne kupima kuta.
Nimeketi benchi la tatu, koti sijavua,
daftari la matumizi limelala magotini,
nami nalisoma kama anayefungua barua ya mwingine.

Mawe: bure.
Ndivyo linavyoanza, wino umegeuka rangi ya chai.
Bure! Wachimba bati wa Trewarra walipopanda kutoka shimoni,
nta ya mishumaa imewagandia kofiani,
walipitia korongoni, kila mtu na jiwe lake la itale,
wakalitua hapa kabla ya kwenda kulala.
Wake zao walikoroga chokaa kwa maji ya kisima cha mbali.
Chokaa: shilingi nne.
Jabez Trewhella, kwa mlango: shilingi tisa.
Jabez amerudisha shilingi tatu.
Sababu haikuandikwa.

Shayiri ya farasi wa mhubiri.
Shayiri ya farasi wa mhubiri.
Alikuja, akalala, akaenda, mzunguko wa vijiji kumi na vinne,
akihubiri na matope hadi magotini;
kwa hesabu hii, farasi alimshinda mchungaji kula.

Kisha ukurasa uliochanika pembeni: mwaka wa kinanda.
Hadi hapo waliimba kwa fidla mbili na filimbi ya Hosken,
na Hosken hakukubali kushindwa na sanduku lenye mapafu.
Akatoka, na mabenchi matano yakamfuata,
wakajenga kanisa lao hatua themanini kuteremka barabara,
Wamethodisti hawa, Wamethodisti wale,
na kwa miaka hamsini na mitatu, kila Jumapili,
wimbo mmoja ulipanda kilima mara mbili,
wa pili ukichelewa nusu mstari.
Karamu ya kupatana: chai, sukari, mikate mia mbili ya zafarani.
Walikula. Wakaketi kila kundi upande wake
mpaka wenye kukumbuka wakazikwa.

Lakini narudi nyuma, nimeruka kurasa.
Bei ya bati ilipoanguka, maji yakapewa shimo.
Orodha ya washirika, mbele ya kila jina neno moja:
amehama. Amehama. Wamehama.
Australia, Meksiko, Michigan. Benchi la tisa zima.
Mbele ya Thirza Nancarrow karani ameandika kwa penseli:
“mjane, labda.”
Mumewe aliifuata shaba ya Chile; barua mbili, kisha kimya.
Kila wiki Thirza alitoa peni moja,
na chini yake karani akaongeza: “na ya Digory, peni moja.”
Nilihesabu jana usiku. Miaka kumi na tisa.
Hakuna aliyeifuta ile penseli,
hakuna aliyeipitishia wino.

Marumaru, na kuchonga majina kumi na moja.
Mstari unaofuata: makaa ya mawe.
Baridi haingoji matanga.

Halafu mwandiko wangu, mbaya kuliko yote.
Ndoo, kwa ajili ya paa.
Ndoo ya pili.
Tulikuwa ishirini, tukawa tisa, tukawa wanne
na mbwa wa Bibi Penberthy, aliyejua wakati wa kusimama.
Pasaka iliyopita mhubiri aliugua;
tulisoma, tukanyamaza, tukazisikiliza ndoo zikijibizana,
na sikumbuki ibada iliyonikaa moyoni kama ile.
Balbu, biskuti, stempu,
maua ya Ernest, bila risiti.

Gari limesimama nje.
Anasukuma mlango. Anasukuma tena, kwa bega.
Miaka mia moja na themanini unakwama palepale,
na leo ndipo nimezielewa zile shilingi tatu.
“Unyanyue kwanza,” napaza sauti,
“ndipo usukume.”