Kinyozi wa Posta ya Zamani

Halldor Sigvaldason alistaafu na miaka hamsini na miwili,
meno yote kinywani, goti moja tu la kulalamika.
Aliuza malori arobaini na moja, kila moja na friji lake mgongoni,
kwa watu wa Toronto ambao hawajawahi kuliona ziwa letu
wala kulisikia likipasuka usiku, mwezi wa Machi.

Tulisema atahamia Florida.
Akakaa nyumbani wiki sita, akavipanga vijiko vya mkewe
kwa urefu, akavipanguа, akavipanga kwa umri,
mpaka Lorna akamwambia: Toka,
kabla hujanipanga na mimi.

Akaenda Winnipeg kusomea unyozi.
Wasichana wa miaka kumi na tisa wakamwonyesha
jinsi mkasi unavyokaa kwenye kidole cha pete,
kidole kile kile alichogongea meza
kila tulipoomba nyongeza.

Sasa ana kiti kimoja, kinachozunguka kwa kilio,
pale tulipokuwa tukinunua stempu.
Jumatatu hufunga, akabeba mkoba hadi nyumba ya wazee,
akawanyoa bure wasiokumbuka kama walinyolewa jana.
Bibi Sigrun humlipa kifungo cha koti.
Hukipokea. Humwandikia risiti.

Na paa la uwanja wa barafu, lililobonyea kwa theluji,
nani alililipia? Na duka la Pavlo,
lililobakiza siku tisa lifungwe,
nani alilinunua, akamwacha Pavlo mle ndani na funguo zake?
Halmashauri ikataka kuliandika jina lake ukutani.
Akasema: Andikeni bei ya maziwa.

Mji mzima unamsifu. Nami nasikia, masikio ninayo.

Mimi niliendesha lori namba tisa miaka kumi na minne.
Mwezi mmoja kabla ya mauzo tuliachishwa kazi watu kumi na saba
ili hesabu zipendeze machoni pa mnunuzi.
Nikapewa kiinua mgongo cha wiki nane.
Mgongo haukuinuka.
Dufresne aliuza nyumba. Wasyl alianza kunywa asubuhi.
Mimi nikawa najinyoa mwenyewe, miaka mitatu,
nikalikata sikio mara mbili kwa ajili ya heshima.

Februari hii, binti yangu akikaribia kuolewa,
mke wangu akanitazama kwenye mwanga wa dirisha:
Orest, kichwa hicho hakiingii kanisani.

Nikaingia. Akanijua. Akakipangusa kiti
ambacho hakikuwa na vumbi.
Akanifunga shuka shingoni. Mkasi ukaanza kusema
yale ambayo sisi wawili hatukuyasema.
Halafu povu la moto, halafu wembe,
na koo langu limeinuliwa kama la kondoo.
Mkono wake haukutetemeka. Wala koo.

«Namba tisa,» akasema hatimaye. «Gia ya tatu ilikuwa inakwama.»
«Ya nne,» nikasema. «Ya tatu ilikuwa nzuri.»
«Ya nne,» akasema.

Akashika kioo nyuma yangu nikione kisogo.
Nikakiona. Nikaona na kichwa chake pia,
kimeachwa vichaka juu ya masikio, upande mmoja mfupi:
kinyozi hajinyoi, na mji huu hauna mwingine.

Bei ni dola kumi na saba. Nikatoa ishirini.
Akaanza kutikisa kichwa, akataka kuirudisha noti,
nikaiacha mezani, nikasimama kusubiri chenji.
Alielewa. Akafungua droo.
Akaziweka sarafu mbili kiganjani mwangu, moja, kisha nyingine,
polepole, kama mtu anayelipa deni
ambalo daftari lake lilikwenda Toronto.

Nje, watoto walikuwa wakitoka uwanjani na viatu vya chuma mabegani,
mashavu mekundu, chini ya paa lile wakipiga kelele.
Baridi ikanishika kisogo kipya.
Nywele huota.
Mwezi ujao nitarudi, au sitarudi.