Kahawa ya Balbina

Tulianza watu saba na kopo la biskuti.
Kopo nilishika mimi,
maana nilikuwa karani wa posta na mwandiko wangu husomeka.
Ukurasa wa kwanza: gundi, kalamu mbili,
rimu moja ya karatasi (ya kiwanda kilekile, aibu yetu),
kahawa ya Balbina, hakudai.

Kiwanda kilikaa mlangoni mwa mto
kikinuka yai viza.
Mgeni akiziba pua, Galisia nzima ilimjibu:
hiyo ni harufu ya mishahara, zoea.
Tukazoea. Baba yangu alizoea hadi mapafu yakakataa.
Kisha kombe zikaanza kufumbuka zimekwisha kufa,
na wanawake wanaozichokoa matopeni,
Februari, maji magotini,
wakapanda ngazi za gati na ndoo zinazogongana kwa wepesi.

Debe tupu, akasema meya Don Leovigildo, haliachi kuvuma.
Basi, akasema Uxía, tuvume.

Kura mia mbili na kumi na moja.
Nazikumbuka kuliko tarehe ya ndoa yangu.
Uxía aligombea akiwa na buti za mpira na kikohozi;
tulihesabu katika ghala la Balbina, kwenye viti vya Balbina,
na mmoja wetu, Xenxo, alitokwa na machozi,
tukadhani ni furaha, kumbe moshi wa jiko.

Usiniulize chama kilikuaje.
Ningeweza kusema: mwaka huu viti viwili, mwaka ule vitano,
lakini hakikukua kwa hotuba.
Kilikua Oktoba ile mikaratusi iliposhika moto,
mti mgeni, mnywaji asiyekinai,
uliopandwa hadi kwenye vizingiti ili kiwanda kisilale njaa.
Siku tatu, usiku na mchana. Ng'ombe waliachiwa wajiokoe.
Asubuhi ya nne wakapanga foleni mlangoni pangu
watu ambao juzi walikuwa wakitutemea mate,
nyusi zimeungua,
wanauliza ada ni kiasi gani.
Niliandika majina mpaka wino ukakata.
Kuna herufi humo zimeandikwa kwa mkaa.

Halafu viti tisa, na serikali iliyopungukiwa na tisa.
Wakatuita Santiago, wakatupa maji ya chupa.
Kiwanda kitafungwa, walisema, baada ya miaka kumi na miwili,
nanyi mtapitisha mitambo ya upepo, arobaini na minne,
juu ya mgongo wa mlima.
Mlima gani? Uxía hakuuliza.
Wote tulijua ni farasi wa nani hula nyasi pale.

Mkutano ulikuwa mrefu. Wengine walitoa hesabu za kaboni,
wengine za mkate.
Niliinua mkono wa ndiyo. Naandika hili bila kujitetea:
niliuinua, ukawa mzito kama ndoo za zamani, zile zilizojaa.
Balbina hakubisha. Alisimama,
akakunja kiti chake, maana kilikuwa chake kweli,
akatoka nacho.
Tukabaki tukitazama pengo kwenye safu.

Sasa chama kina ofisi ya vioo na wanachama elfu kumi na nne.
Mhazini ni kijana, Brais, ana kompyuta mbili na adabu.
Alikuja kuchukua kopo, liwekwe kwenye kumbukumbu.
Akafungua daftari, akapitisha kidole,
akauliza kwa upole:
hii kahawa, mama, miaka kumi na tisa, hakuna risiti?
Niiingize wapi, mchango au deni?

Nje upepo ulitoka baharini.
Bado kinanuka, kidogo. Imebaki miaka mitatu.
Nikamwambia akae, nikabandika birika,
nikatafuta pa kuanzia.