Mwongozo kwa Wakala Asiye na Viatu

Barabara ya Nkrumah, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani,
naandika maelezo ya kitu kidogo.
Nimekiita Tandika.
Amri moja tu: unaiandika, unabonyeza,
nayo inaiandaa kompyuta kama kitanda cha mgeni,
programu mahali pake, funguo mahali pake,
shuka bila mkunjo.
Kukiunda, siku mbili.
Kukieleza, hii ni wiki ya tatu.

Maana msomaji si mtu.
Msomaji ni wakala, na mji huu unawajua mawakala:
wa forodha, bahasha ya kahawia kwapani,
wa pesa, ndani ya kibanda cha kijani pale Mwembe Tayari,
wa nyumba, anayetaka kodi ya miezi miwili kabla hujaona choo.
Wangu hana kwapa wala kibanda.
Joto la saa saba halijui.
Anausoma mwongozo wote kwa pumzi ambayo hana,
kisha anafanya alichoambiwa,
hicho hicho,
na hapo ndipo penye kazi.

Sisi hatujazoea kuelekeza hivyo.
Muulize Nyevu, meza ya pili, kwa shangazi yake Mikindani ni wapi:
"Shuka pale palipokuwa na kinu cha unga,
pinda kwa yule mama aliyekuwa akiuza mahamri,
ukiona geti jeusi, ushapita."
Na watu hufika!
Hufika kwa kubahatisha, kwa kurudi nyuma,
kwa kumpigia hodi mtu asiyehusika.

Toleo la kwanza niliandika:
*Safisha kabrasha, kisha anza.*
Akasafisha.
Akasafisha hati za makontena kumi na manne,
na picha za harusi ya Msellem, ambazo hazikupaswa kuwa humo,
na orodha ya madeni ya chai,
akarudi na jibu la adabu:
*Kabrasha ni safi. Niendelee?*

Msellem hakunigombeza.
Alikung'uta makombo ya viazi karai kwenye kibodi,
akasema, "Lakini ulimwambia."

Nilimwambia.
Nikalala na lile neno kooni kama mwiba wa tasi.
Mama alikuwa akisema safisha sebule, na mimi sikutupa makochi.
Nani alinifunza? Hakuna.
Niliishi naye tu miaka ishirini na mitatu.

Haya, yaandike hayo.

Toleo la saba lina mistari kumi na tisa.
*Usifute usichokiweka.*
*Faili likiwapo, liache lilivyo, useme umeliona.*
*Amri hii ikirudiwa, mara ya pili isibadilishe kitu,*
kama shikamoo: ukiirudia,
mkubwa hazidi ukubwa.
(Hiyo ya shikamoo niliifuta. Nikairudisha. Nikaifuta.)
*Nywila haimo humu. Usiitafute. Mwombe mwenye nyumba.*
*Ukikwama, simama. Sema umekwama.*

Huu wa mwisho nimeutazama sana.
Mwezi wangu wa kwanza ofisini humu
nilikaa siku mbili na fomu moja ya forodha,
kimya, nikijifanya naisoma,
na kontena la watu limelala Kilindini likihesabiwa kila siku.
Kulikuwa na mwongozo, kurasa tisini.
Haukuwa na mstari huo.

Saa kumi na nusu. Feni inalia upande mmoja.
Nabonyeza.
Wakala anasoma, anatandika, anaruka faili la Msellem,
analitaja kwa jina, halishiki.
Nyevu kasimama nyuma yangu, mkoba begani, hataki kukosa.
Mstari wa kumi na moja, wa kumi na mbili,
wa kumi na tano.
Anasimama.

*Nimekwama,* aandika.
*Naomba kuuliza: mwenye nyumba ni nani?
Hapa sioni nyumba.*

Nyevu alicheka hadi akakaa.
Mimi nilivua miwani, nikaifuta kwa leso,
nikafungua toleo la nane.