Swali la Mlangoni

Somoe hafungui bomba kabla ya swali.
Saa kumi na mbili kasoro, Newala bado imejifunika ukungu,
anaandika kwenye mlango wa bati wa kioski
kwa vipande vya chaki anavyoletewa na Mwalimu Hokororo,
naye mwalimu huchota ndoo mbili za mkopo kila Ijumaa.
Ukipata, ndoo ya kwanza bure.
Ukikosa, shilingi hamsini kama binadamu wengine.

Jumatatu:
"Ina diwani. Inachota maji mtungini.
Inakaa kati ya kichwa na ndoo."
Nusu saa nzima tulisimama na jibu utosini,
limeviringwa kwa khanga kuukuu,
mpaka kitoto cha Likumbage kikapiga kelele: Kata!
Tukashika vichwa vyetu, kama watu walioibiwa.

Jumanne ilikuwa zamu ya historia:
"Reli ya Nachingwea ilijengwa ibebe nini?"
Karanga, tukajibu wote kwa pamoja,
na Somoe akagoma kugawa ndoo arobaini.
Mama Nambuka, ambaye baba yake alibeba mataruma begani,
akasema ilibeba hesabu
za watu ambao hawajawahi kupalilia.
Ndoo akapewa yeye.

Jumatano:
"Soma mbele, jasho. Geuza silabi, utajiri."
Lima, mali. Rahisi mno, hata watoto waliguna.
Lakini Akwino, katoka mnadani,
stakabadhi mfukoni imeshalainika kama kitambaa,
malipo "wiki ijayo" tangu wiki tano zilizopita,
akalikataa jibu.
"Miaka thelathini nalima," alisema. "Halijageuka."
Hakuna aliyecheka.
Somoe alifuta kwa kiganja, chaki ikasambaa,
mlango ukabaki mweupe-mweupe
kama mkorosho uliopuliziwa salfa.

Kisha pampu ya bondeni ikaungua.
Siku kumi na moja bomba lilikohoa hewa,
bodaboda wakatuuzia dumu kwa elfu moja,
wengine tulinawa nyuso kwa kikombe
na kuoga kwa nia.
Nikajua kioski ndiyo basi tena.

Asubuhi ya pili nilipita pale nikienda zangu sokoni.
Mlangoni:
"Huungua jikoni. Hutembea kwa ubavu Mikindani.
Mgeni huambiwa akishavua viatu."
Na foleni ilikuwepo. Foleni kamili!
Ndoo tupu chini, kwa mpangilio uleule,
watu wawili wanagombana nani kamruka nani,
kana kwamba kuna cha kukinga.
Nikarudi nyumbani mbio kuchukua ndoo yangu.

"Umepata?" Fidea aliniuliza niliporudi.
Nimepata.
Akachungulia ndani ya ndoo. Akanitazama.
"Kaa," nikamwambia.
Akavuta kigoda, akakaa, akasubiri habari mbaya,
na ilinichukua muda kumweleza
kwamba hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe.
Kesho yake tulikwenda wawili.

Siku ya kumi na mbili bomba likatema kutu,
likatema mjusi,
kisha maji, membamba, ya rangi ya chai.
Tulipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia.
Somoe aliandika huku kakipa kisogo kishindo chetu:
"Geuza silabi za hicho unachokinga.
Tanguliza U. Umebaki na nini?"

Jibu hakulitoa siku hiyo, wala kesho yake.
Mpaka leo halijafutwa, mvua tu inalila kidogo kidogo.
Mimi nililipata njiani,
karibu na mashine ya kusaga,
mkono mmoja wa ndoo nimeushika mimi,
mwingine kaushika Mama Nambuka,
maji yanatumwagikia miguuni kwa zamu.
Nilimwona naye kanyamaza ghafla, midomo inachezacheza.

Sikulitamka.
Hamsini yangu nilikuwa nimeshalipa.