Tangu Tarehe Ngapi

Dakika thelathini na nane nimesubiri,
simu juu ya ubao wa kukatia mkate, sauti nimeipunguza,
kinanda kile kile kikirudia vipande vinne
kama mtoto anayelazimishwa kujifunza.
Nje, mvua ya Merthyr inashuka mlimani,
haina haraka, inajua itatukuta.

Kisha kijana, pua imeziba, jina lake Iestyn.
Nikusaidie nini?
Nataka kufunga dai langu.
Dai gani?
La mtu mmoja.
Nikatazama buti mlangoni, namba kumi na moja,
tope la bohari ya matairi limekauka kwenye soli.
Mwenyewe yuko juu, amelala, katoka zamu ya usiku.

Vidole vyake vikatafuna kibodi.
Mwenzi wako amehamia tangu tarehe ngapi?

Hapo nikanyamaza.

Maana Gethin hakuhamia. Alipenya,
kidogo kidogo, kama unyevu ukutani.
Kwanza mswaki, Oktoba: akausahau,
nami nikasahau kumkumbusha.
Halafu chaja. Halafu kikaango cha chuma kizito
ambacho mtu habebi kwa ajili ya usiku mmoja.
Krismasi alirudi kwa mama yake, Dowlais.
Siku ya tatu akabisha hodi na mfuko wa nguo chafu,
eti mashine ya mama imeharibika.
Haikuharibika. Nilimuuliza mama.

Bi Pugh wa namba tisa ana tarehe yake, bila shaka,
kaiandika nyuma ya pazia, pamoja na namba ya gari.
Hata mbwa anayo: siku alipochoka kumbwekea.

Iestyn anasubiri. Nasikia akipenga kamasi.

Miaka saba nimejibu swali lile lile:
unaishi na mtu mzima mwingine?
Hapana.
Mwanzoni hapana ile ilikuwa kidonda.
Baadaye ikawa mazoea. Baadaye, niseme kweli, ikawa fahari:
ilinunua sare za Macsen, ililipa gesi,
iliingia kila tarehe kumi na nne kwa jina langu peke yangu,
na hakuna mwanamume aliyeweza kuondoka nayo.
Usiache mbachao kwa msala upitao.
Na mbachao wangu umechakaa, lakini magoti yangu unayajua.

Tulipiga hesabu nyuma ya bahasha:
pauni mia mbili na kumi zitapungua kila mwezi.
Gethin akazungusha kalamu, akasema polepole,
Naweza kurudi kwa mama. Kwenye karatasi tu.
Sitadanganya, nililifikiria hilo siku nne.

Siku ya tano mwalimu akamuuliza Macsen
ni nani yule anayekuja kumchukua getini.
Mwanangu, miaka minane, akajibu bila kupepesa:
Hakuna mtu.
Sikumfundisha. Alinisikiliza tu.

Bado upo? akauliza Iestyn.

Nipo. Andika tarehe kumi na moja Februari.
Boila ilikufa usiku ule, maji yakaganda kwenye beseni,
na nyumba ya mama yake ilikuwa na joto,
na hakwenda.
Hayo sikumwambia. Nilimpa tarehe tu.

Basi kutakuwa na deni dogo la kurudisha.
Najua.
Na huyu bwana ni mwenzi wako?
Neno hilo sijawahi kulitamka, hata gizani,
hata kwake; humwita wewe, au Geth, au hamnazo.
Ni mwenzangu, nikamwambia mtu mwenye mafua
ambaye sitamwona maishani.
Kimya kidogo. Halafu: Sawa. Herufi zake?

Akanipa msimbo, Gethin aunganishe upande wake.
Nikauandika kwenye bahasha ile ile, chini ya mia mbili na kumi,
nikaikunja, nikaisukuma ndani ya buti la kushoto
hadi kwenye vidole.
Saa tatu usiku atavaa.