Daftari la Magombe

Usiku wa kwanza nilivaa gambuti za shemeji,
namba tisa, na mguu wangu ni namba saba.
Kila hatua kinamasi kilininyang'anya kiatu
kisha kikanirudishia, kikinung'unika.
Mbele yangu Kabasinguzi, tochi kwenye paji la uso,
hakugeuka. Alisema tu:
"Zima yako. Kwanza sikia."

Methali imetuzoesha vibaya.
Kelele za chura, tunasema, hazimzuii ng'ombe kunywa maji,
halafu tunaondoka na ng'ombe wetu.
Hatukuuliza: chura yupi?
Maana yule wa kwenye mafunjo hulia kama kijiko
kikigonga ukingo wa glasi,
na yule wa matopeni hukoroma kama mlango wa stoo,
na yupo mmoja, hadi leo sijamwona,
sauti yake ni tone moja la maji
ndani ya mtungi usiojaa.

Niliandika: saba.
Kabasinguzi akasoma, akafuta kwa kidole chenye tope.
"Kumi na mmoja. Wanne unawasikia
ila bado hujawaamini."

Chumbani kwangu, juu ya kalenda ya mwaka juzi,
mjusi kafiri hula nondo mmoja mmoja.
Nimemtazama miezi mitatu.
Sijui ni dini gani aliyoikataa.

Kinyonga nilifundishwa kumtafuta gizani.
Akilala hupauka, na mwanga ukimgusa
anang'aa kama jani lililosahau rangi yake:
pembe tatu usoni, mkia umekunjwa
kama utepe wa fundi cherehani.
Mchana ningempita mara mia.
Mama yangu, pale Bigodi, akimwona
hutema mate na kuvuka barabara.
"Na kwa hilo wanakulipa?"
Kidogo, Mama. Kidogo,
pamoja na gambuti za saizi yangu.

Kwetu hata mgeni wa jana hupewa empaako,
basi nikasema, huyu tumwite Adyeri.
"Usimpe empaako," akasema Kabasinguzi,
"mtu ambaye unakwenda kumpima mkia."
Tukampima. Tukampa tawi lake.
Nilipoinama kufunga daftari
nikamsikia akimnong'oneza: "Pole, Adyeri."

Kisha Jumanne ile.
Watoto wa Rwaheru walikuja mbio:
nyoka kwenye kiota cha kuku!
Tulikimbia. Jembe lilikuwa limetutangulia.

Nilifungua kinywa chake kwa kijiti
nikitafuta meno ambayo kijiji kizima kilishayaona.
Fizi tu, laini, kama za kichanga.
Mla mayai. Na kooni uvimbe:
yai zima, halijapata hata ufa.
Mama Kemigisa akalikamua taratibu,
akalifuta kwa jani la mgomba,
akalirudisha chini ya kuku.
Kuku akalidonoa mara moja, akalikalia.
Hakuna aliyecheka.

Nilitandaza rula. Mikono yangu haikutulia,
na Kemigisa, miaka tisa, bila kuombwa,
akachuchumaa akashika ncha ya pili,
kule kwenye mkia.
"Sitini na nne," akasema kabla yangu.
Kwenye safu ya hali niliandika: amekufa.
Aliuliza kama kuna safu ya kosa.
Nikamwambia hakuna.
Alilitazama daftari kwa muda mrefu,
jinsi mtu anavyotazama nyumba iliyojengwa bila mlango.

Usiku huo nilirudi kinamasini peke yangu.
Tochi nikaizima.
Kijiko kikagonga glasi. Mlango wa stoo ukakoroma.
Nikahesabu polepole hadi kumi na mmoja
na safari hii niliwaamini wote.
Nilikuwa nimeshainuka, mguu mmoja hewani,
ndipo likadondoka
lile tone.